Monita ya kazi na gemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mchana meza yangu ni ya hesabu: daftari za wateja, Excel imefunguliwa tangu asubuhi. Usiku ni meza ileile na kioo kilekile, ila mtoto wa dada yangu ndiye kakalia kiti na ananiambia, "Mjomba, subiri mechi iishe." Kwa hiyo sijawahi kununua monita ya kazi peke yake wala ya gemu peke yake, na watu wa mtaani hunipitia kwanza kabla hawajashuka Kariakoo. Maswali ni yaleyale, basi nimeyaandika pamoja na majibu. Bei sijaziweka, maana nikiziandika leo, wiki ijayo nitaitwa mwongo.

Nianze na nini: inchi, Hz au bei?

Anza na mashine utakayoichomeka. Chakula kinapikwa kwenye kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachotengeneza picha. Monita ni sahani tu, na sahani kubwa haiongezi wali.

Angalia hesabu yenyewe. Kioo cha Full HD kina pikseli (vile vidoa vidogo vinavyojenga picha) 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Cha 1440p kina 2560 kwa 1440, jumla 3,686,400. Cha 4K kina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, yaani mara nne kamili ya Full HD. Kwenye gemu, kadi inazipaka hizo zote upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja mpya. Kadi inayokupa fremu 100 kwa sekunde kwenye Full HD ukiipeleka kwenye 4K inaanza kuhema, na wewe unaanza kushusha ubora wa picha mpaka gemu inafanana na ya simu.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, andika kwenye karatasi vitu vitatu: jina la kadi ya picha, aina ya matundu yaliyoko nyuma ya mashine, na kitu unachokitazama kwa saa nyingi zaidi kwa siku. Cha tatu watu hukiruka. Mtu anasema ananunua kwa ajili ya gemu, ukimfuatilia anacheza saa moja na anaandika ripoti saa nane.

Inchi ngapi zinatosha?

Hapa nilikosea mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliingia duka moja nikaona ya inchi 27 na ya inchi 24 zimesimama pamoja, zote Full HD, bei zimepishana kidogo tu. Nikabeba kubwa. Nyumbani, filamu safi, gemu safi. Asubuhi nikafungua Excel na herufi zikawa na kingo za ngazi, namba 8 na 6 nazikaribia kuzisoma kama bibi anayetunga uzi kwenye sindano.

Sababu ni kwamba pikseli ni zilezile, ila zimetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Inchi 24 ya Full HD ina pikseli kama 92 kwa kila inchi. Inchi 27 ya Full HD inashuka hadi 82 hivi. Inchi 27 ya 1440p inapanda hadi 109, na hapo herufi zinakaa kama zimechapwa. Inchi 32 ya 1440p inarudi kwenye 92, sawa kabisa na ile ndogo ya 24, ila ni kubwa. Inchi 32 ya 4K inafika 138. Hapo maandishi huwa madogo mno mpaka uiambie Windows iyakuze kwa asilimia 125 au 150.

Ushauri wangu kwa anayesoma na kuandika: Full HD iishie inchi 24. Ukitaka 27, nunua 1440p au subiri mshahara ujao. Kwa anayecheza tu na kutazama filamu akiwa ameegemea kiti, 27 ya Full HD haina kesi.

Pima na meza pia. Kioo kiwe mbali nawe kama urefu wa mkono, sentimita 60 hadi 70. Meza nyingi tunazochongewa ni nyembamba, na stendi za monita kubwa zina miguu inayokula nusu ya meza. Chukua futi kabla hujaondoka nyumbani.

1440p inanisaidia nini kazini?

Inakuongezea mistari. Kwenye Excel iliyoachwa na ukubwa wake wa kawaida, mstari mmoja una pikseli 20 kwenda juu. Kutoka 1080 hadi 1440 kuna pikseli 360, yaani mistari 18 zaidi bila kuburuta. Anayelinganisha risiti za mwezi mzima anajua mistari 18 ni nini. Unaweza pia kuweka kurasa mbili za Word ubavu kwa ubavu ukazisoma zote bila kukunja uso.

Anayetoka kwenye laptopu yenye kioo cha 1366 kwa 768, ambazo bado zimejaa maofisini, hahitaji kwenda mbali hivyo. Full HD peke yake inampa karibu mara mbili ya pikseli alizonazo.

Hz ni nini, na 144 ina tofauti kweli na 60?

Ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha ndani ya sekunde moja. Kioo cha Hz 60 kinakupa picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Cha Hz 144 ni kila milisekunde 6.9. Cha Hz 240 ni 4.2. Ukizitazama hizo namba utaona mwenyewe wapi pesa inaisha utamu: kutoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10 kwa kila picha, kutoka 144 kwenda 240 hupati hata 3.

Kwenye gemu za risasi kama Valorant na Counter-Strike tofauti ya 60 na 144 unaihisi mkononi kabla hujaiona kwa macho. Ukigeuka haraka, adui habaki kama kivuli kilichochorwa mara mbili. Hata kazini, ukiburuta ukurasa mrefu maandishi hayafifii sana. Siku hizi monita nyingi za kawaida za ofisi zinakuja na Hz 75 au 100, na 100 ni sehemu nzuri ya kukaa kwa mtu wa matumizi mchanganyiko.

Ila mashine isipotoa fremu, Hz zinabaki mapambo. Kadi inatoa fremu 50, kioo kina Hz 165: unaona fremu 50.

Nimenunua ya Hz 144 lakini sioni tofauti yoyote. Nimeibiwa?

Pengine hapana. Mpwa wangu alicheza miezi mitatu kwenye Hz 60 akijisifu kwa wenzake kwamba ana 144, kwa sababu Windows mara nyingi huanza na 60 na haikuulizi. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye uso wa mbele wa kompyuta, ingia mipangilio ya skrini, shuka mpaka mipangilio ya ziada ya skrini, utakuta orodha ya Hz. Chagua ya juu.

Ukikuta orodha inaishia 60, tatizo ni waya au tundu ulilochomeka. Hakikisha pia waya umeingia kwenye kadi ya picha yenyewe, yale matundu yaliyolala chini nyuma ya kasha, wala si yale yaliyosimama karibu na matundu ya USB. Kosa hili linafanywa na watu wazima wenye digrii zao.

Boksi limeandikwa "1 ms". Ni muhimu?

Ni muda ambao pikseli inachukua kubadilisha rangi, milisekunde moja. Usilipe zaidi kwa ajili ya namba hiyo. Hupimwa kwenye hali moja bora kabisa, mara nyingi kwa mpangilio ambao ukiuwasha picha inaacha michirizi myeupe nyuma ya vitu vinavyokimbia. Paneli, yaani kioo chenyewe, ya IPS (naieleza hapa chini) ya kisasa isiyojisifu inakutosha.

IPS, VA, TN, OLED: nichague ipi?

Hizi ni aina za paneli. Kwa meza yenye kazi mbili, IPS. Rangi hazibadiliki ukisogea pembeni, maandishi yametulia, kasi inatosha. Udhaifu wake ni weusi: tofauti ya weupe na weusi kwenye IPS ya kawaida ni kama 1000 kwa 1, hivyo ukizima taa usiku, sehemu nyeusi za filamu zinaonekana kama moshi, na kwenye pembe za kioo mwanga unavuja.

VA ina weusi mzito zaidi, kama 3000 kwa 1, na kwa filamu usiku inapendeza kuliko IPS. Tatizo lake ni vitu vyeusi vinavyokimbia. Kwenye paneli za bei ya chini vinaacha doa linalofuata nyuma kama wino uliopakwa kwa kidole. Mchezaji wa gemu za usiku usiku ataliona siku ya kwanza.

TN ilikuwa ya wachezaji zamani kwa sababu ya kasi. Ukisimama, rangi zinageuka. Ukiinama, zinageuka tena. Leo sioni sababu ya kuinunua labda uipate kwa bei ya kutupwa.

OLED ni nzuri kuliko zote kwa macho, kila pikseli inajiwasha na kujizima yenyewe. Lakini fikiria siku yangu: utepe wa Excel juu, upau wa Windows chini, saa nane, siku sita kwa wiki. Picha inayokaa palepale hula pikseli za OLED taratibu mpaka alama yake inabaki hata ukifungua kitu kingine. Anayecheza na kutazama filamu tu, na mfuko unaruhusu, achukue. Mhasibu aiache.

Nina TV ya inchi 32. Si inatosha?

Kwa mpira wa kochini inatosha, na vibanda vyote vya gemu mtaani vinaishi na TV. Kwa kuandika, geuza TV utazame kibandiko cha nyuma kwanza. TV nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, yaani kama 49 kwa kila inchi. Hiyo ni nusu ya msongamano wa monita ya inchi 24. Barua ya ukurasa mmoja itakuumiza kichwa.

Kama huna njia nyingine, washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya TV. Inazima ule urembo wa picha unaochelewesha mkono wako, na unapiga shuti pale ulipobonyeza badala ya muda mfupi baadaye.

Ninayo PS5. Nitazame nini?

PS5 inaishia Hz 120, kwa hiyo usilipie 240 kwa ajili yake. Tangu Septemba 2022 inakubali 1440p, hivyo ile hofu ya zamani kwamba monita ya 1440p haiendani nayo imepitwa. Full HD au 1440p kwa Hz 120 zinapita kwenye waya na tundu la HDMI toleo la 2.0, ukitaka 4K kwa Hz 120, au ule ulinganishaji wa Hz na fremu unaozuia picha kukatika katikati, lazima HDMI 2.1 pande zote mbili.

Kama unachocheza ni mpira tu, jua kwamba gemu za mpira kwenye PS5 kwa kawaida huenda fremu 60. Kioo cha Hz 60 chenye rangi nzuri kitakutendea haki. Mwenye PS4 yeye anaishia 60 kwa vyovyote.

Jambo moja linasahaulika: konsoli inatoa sauti kupitia HDMI. Monita nyingi hazina spika, na zilizo nazo zinalia kama redio iliyofungwa kwenye debe. Tafuta yenye tundu la hedfoni.

FreeSync na G-Sync, nihangaike navyo?

Ni majina ya ule ulinganishaji wa Hz na fremu: FreeSync ni ya AMD, G-Sync ya Nvidia. Tangu Januari 2019, kadi za Nvidia kuanzia mfululizo wa GTX 10 zinafanya kazi na monita nyingi za FreeSync kupitia tundu la DisplayPort. Basi chukua ya FreeSync, ambayo kwa kawaida haina nyongeza ya bei, uendelee na maisha.

Niende na ya mtumba?

Naenda nayo mara nyingi kuliko mpya. Ofisi za Ulaya zinapobadilisha vifaa, monita zao zinaishia kwenye maduka yetu, na monita ya ofisi iliyotengenezwa vizuri inaishi kuliko mpya ya bei ya chini. Mfano ninaoupenda ni Dell U2412M: inchi 24, IPS, pikseli 1920 kwa 1200, yaani mistari 120 ya pikseli zaidi kwenda chini kuliko Full HD, na stendi yake inapanda, inashuka na inageuka wima. Kwa gemu za kasi haifai, ni Hz 60. Na haina HDMI: ina VGA, DVI na DisplayPort. Jibu linalofuata linahusu hilo.

Ya kwanza ya mtumba niliyonunua niliijaribu dakika tano. Ikawaka, nikalipa, nikaenda. Nyumbani, kwenye dakika ya ishirini, picha ikazimika huku taa ya kitufe ikiwa bado inawaka. Nikamulika kioo na tochi ya simu kwa upande, nikaiona picha ipo, hafifu kama kivuli ndani ya maji. Maana yake paneli haijaharibika, taa za nyuma ndizo hazipati umeme. Fundi alipoifungua akanionyesha kapasita mbili zimevimba vichwa. Akazibadilisha, na monita ile iko hai mpaka leo chumbani kwa watoto, lakini ningeweza kuliona tatizo dukani kama ningekaa.

Kwa hiyo kaa. Nusu saa, agiza hata soda. Nenda na laptopu yako ikiwa na picha tano za kujaza kioo: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye nyeusi tazama mwanga unaovuja pembeni. Kwenye nyeupe tazama madoa, unjano, na kama upande mmoja umefifia. Kwenye rangi tatu tafuta pikseli zilizokufa. Moja kwenye pembe navumilia, moja katikati siitaki hata kwa punguzo. Punguza mwanga wa kioo mpaka chini halafu kielekezee kamera ya simu: ukiona mistari mizito inatembea, taa inapepesa, na wenye vichwa vinavyouma kirahisi watajuta. Bonyeza vitufe vyote vya menyu. Inua na ushushe stendi. Muuzaji akikuambia "Bosi wangu, hii nimeitest mwenyewe," mshukuru na uendelee kukaa.

Nyuma tazama kama kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba wa milimita 100. Hayo yatakuruhusu kuifunga ukutani au kwenye mkono wa chuma ikiwa stendi imepotea, na stendi hupotea.

Waya gani?

DisplayPort kwa kompyuta yenye tundu hilo, HDMI kwa konsoli. VGA ni ya dharura, maandishi yanatoka yamelowa kidogo. HDMI ya zamani, 1.4, inafikisha 4K kwa Hz 30 tu, na kwenye Hz 30 hata mshale wa kipanya unatembea kama umelewa.

Kwenye adapta, mwelekeo ni kila kitu. Kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda monita yenye HDMI, adapta ya kawaida inatosha. Kutoka laptopu au konsoli yenye HDMI kwenda monita yenye DisplayPort pekee, adapta hiyohiyo haifanyi kitu. Unahitaji kibadilishi chenye umeme wake, na ni ghali zaidi. Hapa ndipo wengi wanarudi dukani kugombana. HDMI kwenda DVI inapita bila shida kwa Full HD, ila usitegemee sauti.

USB-C nayo isikudanganye kwa umbo. Si kila tundu la umbo hilo linatoa picha. Tafuta alama ya radi au ya DisplayPort pembeni yake, au ijaribu papohapo dukani.

Moja kubwa au mbili ndogo?

Kwa kazi, mbili za inchi 24: moja ya kazi yenyewe, nyingine ya barua pepe na risiti. Kwa gemu utatumia moja tu. Ile pana ya inchi 34 yenye pikseli 3440 kwa 1440 inaunganisha yote mawili vizuri sana, isipokuwa kwa konsoli, ambayo itakuachia kuta mbili nyeusi pembeni.

Iliyopinda?

Kwenye hizo pana, ndiyo. Kwenye inchi 24, ni urembo.

HDR?

HDR ni uwezo wa kuonyesha weupe mkali na weusi mzito kwa pamoja. DisplayHDR 400 ndiyo ngazi yake ya chini kabisa, na kwenye monita nyingi zenye alama hiyo utaiwasha mara moja, utaona rangi zimepauka, utaizima. Isikupandishie bei.

Macho yangu yanauma jioni. Ni monita?

Kwanza shusha mwanga. Monita zinatoka kiwandani zikiwaka kama za dukani, kwa ajili ya dukani. Weka karatasi nyeupe pembeni ya kioo na ushushe mpaka viwili vifanane. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo. Kama stendi haipandi, kipande cha mbao kinatosha. Dirisha liwe ubavuni kwako, lisiwe nyuma yako wala nyuma ya kioo. Na feni usiielekeze usoni: tukitazama kioo tunapepesa macho mara chache, na upepo unamalizia kuyakausha.

Inakula umeme kiasi gani, na ukikatika?

Ya LED ya inchi 24 hutumia kama wati 25. Saa kumi kwa siku ni robo uniti ya LUKU. Kwa siku 26 za kazi ni uniti sita na nusu. Kompyuta yenye kadi ya picha ndiyo inayokula, monita mwonee huruma.

Adui ni umeme unaporudi kwa kishindo. Weka kilinda umeme, au UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, kama unatumia kompyuta ya mezani. Mimi hupendelea monita zenye adapta ya nje kama ya laptopu: ikiungua natafuta nyingine yenye volti na ncha ileile na amperi zisizopungua, kazi inaendelea jioni hiyohiyo.

Naifikishaje nyumbani bila kuivunja?

Isimame, isilale. Kama haina boksi, funika uso wake kwa kadibodi ngumu iliyo bapa, funga na kanga juu, na mtu asishike katikati ya kioo. Bodaboda hapana. Panda bajaji, uiweke kati ya magoti, kioo kikikutazama wewe. Na kama dukani palikuwa na kiyoyozi kikali na nje ni joto la Dar, ukifika usiichomeke hapohapo. Iache nusu saa ikauke jasho, kunywa maji, ndipo uwashe.